Laptopu Kuukuu, Flashi Moja: Historia ya Mlango Ulioachwa Wazi

Wiki hii tunaandika historia, lakini haina wafalme wala vita. Ni historia ya kitu kidogo kinachoning'inia pamoja na funguo za watu wengi hapa kwetu: flashi. Tunataka kueleza imekuwaje kitu hicho kikaweza kuiamsha laptopu ambayo watu wameshasema imekufa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi kuliko watu wengi.

Kwa nini sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitunza Windows 10. Laptopu haizimiki siku hiyo, lakini matundu mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena kama zamani. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazimo kwenye orodha hiyo.

Sasa fikirini ni laptopu zipi zinazotufikia sisi. Inaanza maisha yake ofisini, Ulaya au Kampala. Inafanya kazi miaka kadhaa, inauzwa kwa mnada au inatolewa kama msaada, ndipo inapanda basi kuja Arua. Hapa kwetu laptopu "mpya" inaweza kuwa na miaka kumi. Kwa hiyo tarehe ile ya Oktoba iligusa mezani kwetu moja kwa moja: kijana anayeandika barua ya kuomba kazi, mwalimu anayetengeneza mtihani, dada anayeweka hesabu za kikundi cha akiba. Wengi waliambiwa mambo mawili tu, ununue nyingine au ubaki hivyo hivyo. Kuna njia ya tatu, na iko ndani ya mashine hizo tangu zamani.

Mashine huamka bila kukumbuka kitu

Tuanze na swali ambalo wengi hawajawahi kujiuliza. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, laptopu inajuaje cha kufanya? Windows iko ndani ya diski. Lakini kuisoma diski ni kazi inayohitaji programu, na programu zenyewe ziko ndani ya diski. Ni kama mtu aliyefunga mlango na kuacha ufunguo ndani.

Wamarekani wana msemo wa mtu kujinyanyua kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe, jambo lisilowezekana. Watu wa kompyuta waliuchukua msemo huo, ndiyo maana hadi leo mafundi wanasema "kubuti". Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Altair 8800, kompyuta iliyotoka Marekani mwaka 1975, ilikuwa na swichi nyingi mbele. Mwenye mashine alipandisha na kushusha swichi hizo kuiandikia maagizo ya kwanza, ndipo ikaweza kusoma programu kutoka kwenye mkanda wa karatasi. Ukizima, umepoteza. Kesho unaanza upya. Watu wa West Nile, kwa namna umeme ulivyokuwa unatuchezea, tunaelewa uchungu huo.

Jibu lililodumu ni kuyaweka maagizo ya kwanza ndani ya chipu ambayo haisahau umeme ukikatika. IBM ilipotangaza kompyuta yake ya PC tarehe 12 Agosti 1981, ndani yake kulikuwa na chipu kama hiyo, na programu yake ikaitwa BIOS. Mafundi wetu wanatamka bayosi. Kazi yake ya asubuhi ni fupi: inakagua kama kibodi, memori na skrini vipo, halafu inamtafuta mtu wa kumkabidhi kazi. Inasoma baiti 512 tu za mwanzo wa diski. Ikikuta maagizo humo, inayafuata bila kuuliza yametoka wapi.

Hapa ndipo mlango wetu ulipofunguliwa. PC ya 1981 haikuja na diski ya ndani. Ilisoma flopi, ile diski laini unayoichomeka na kuichomoa. Mwaka 1983 IBM ilipotoa XT yenye diski ya ndani ya MB 10, utaratibu wa zamani uliendelea: tazama flopi kwanza, usipoiona ndipo uende kwenye diski ya ndani. Yaani mgeni anaulizwa kwanza, mwenye nyumba baadaye. Nia yao ilikuwa ya kikazi tu. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba yeyote mwenye kitu cha kuchomeka angeweza kuiamsha mashine kwa namna yake.

Tena tabia hiyo haikubaki ya IBM peke yake. Kampuni ya Compaq iliwaweka wahandisi waandike bayosi yao wenyewe inayofanya kazi ileile bila kunakili ya IBM, wakatangaza kompyuta yao Novemba 1982. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza bayosi ya namna hiyo kwa watengenezaji wengine. Ndiyo sababu HP, Dell, Lenovo, Acer na Toshiba zote, pamoja na kutofautiana sura, zinaamka kwa desturi moja. Fundi aliyejifunza kwenye Dell pale Koboko hashindwi akiletewa HP.

Wezi nao waliuona

Mlango ulio wazi hauchagui wa kuingia. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyojificha kwenye baiti zile za mwanzo wa flopi. Iliitwa Brain, na inahesabiwa kuwa virusi vya kwanza vya kompyuta za PC. Ilisafiri kwa sababu watu waliziacha flopi ndani ya mashine wanapozima, na mashine ikiamka inamuuliza mgeni kwanza.

Tunawakumbusha hili kwa sababu flashi zetu zimepitia njia kama hiyo. Nani hapa hajawahi kurudi kutoka kwa mtu wa kuchapisha akakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato zisizofunguka? Virusi hivyo havikutumia bayosi. Vilitumia tabia ya Windows ya kuendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi, na virusi vya Conficker, vilivyojulikana mwaka 2008, vilisambaa kwa njia hiyo pia. Mwaka 2011 Microsoft iliibana tabia hiyo kwenye Windows za zamani. Fundisho ni moja: kitu unachochomeka kina nguvu, basi ujue kimetoka kwa nani.

Mzigo wa kupitisha mlangoni

Mlango peke yake haufai kitu kama huna cha kupitisha. Kwa miaka mingi, mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayobeba nyingine zote, ulikuwa bidhaa ya kununua. Mtu wa kambini angeupata kwa kuiba tu, na ndivyo ilivyokuwa: diski ya Windows iliyonakiliwa, na programu ya kuvunja leseni ambayo mara nyingi inakuja na virusi wake. Hata leo, ukisema "nipigie Windows" mjini, mara nyingi ndicho unachopewa.

Tarehe 27 Septemba 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kumpa mwenzake. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, GPL, inayolinda ruhusa hiyo. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, aliandika kwa watu wa fani yake kwamba anatengeneza mfumo mdogo kama burudani. Kazi yake, Linux, ikaunganishwa na ya GNU. Agosti 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, ambayo mpaka leo inatunzwa na watu wa kujitolea duniani kote.

Wandugu, shikeni neno hilo la kumpa mwenzako. Mtu mmoja Arua akipakua Debian au Linux Mint kwa bando lake, anaruhusiwa kuipeleka Imvepi kwenye flashi, na wa Imvepi akampa wa Lobule, bila kumwibia mtu. Kwa watu ambao bando ni chakula cha siku, ruhusa hiyo ina thamani kuliko hata kutolipia.

Lakini bado kulikuwa na ugumu. Kuweka Linux miaka ya tisini kulitaka mtu asiyeogopa. Unafuta kila kitu kwanza, ndipo unajua kama sauti na skrini zitakubali. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Mwaka 1995 kampuni za IBM na Phoenix zilikubaliana utaratibu ulioitwa El Torito, wa kuifanya kompyuta iamke kutoka kwenye CD. Halafu mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix, mfumo mzima unaoishi kwenye CD. Unaweka CD, unawasha, unafanya kazi, unazima, na diski ya ndani haijaguswa hata kidogo. Sasa mtu aliweza kuonja kabla ya kununua, na hakukuwa na cha kununua.

Mlango ulivyofika Afrika

Afrika haikukaa pembeni kutazama. Mark Shuttleworth, kijana wa Afrika Kusini, aliiuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola. Sehemu ya fedha hizo aliitumia kuanzisha Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian na kupewa jina la neno letu la Kibantu, utu. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004. Kampuni yake ilikuwa ikituma CD kwa posta bure kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, mpaka mwaka 2011. Kwa nchi ambazo kupakua MB 700 kulikuwa kazi ya usiku kucha kwenye kafe ya intaneti, bahasha ile ilikuwa msaada mkubwa.

Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na kupigia hesabu zenye maneno ya Kiswahili. Tunataja hili kwa sababu wapo wanaodhani Kiswahili kimeingia kwenye kompyuta jana kwa hisani ya kampuni kubwa. Kilifika mapema kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na watu wa Dar hawakuhitaji kuomba ruhusa. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kule Nkozi nacho kilihamia kwenye programu huria miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000.

Karibu zaidi na sisi kuna mfano wa Gulu. Mwaka 2007, watu wa Acholi wakiwa bado kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kwa sababu ya vita vya LRA, ulianza mradi wa BOSCO chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu. Walipeleka kambini kompyuta zinazokula umeme kidogo sana, zinazoendeshwa na sola na betri, zikiunganishwa kwa mawimbi ya masafa marefu. Hawakusubiri nguzo za umeme zifike. Waliuliza, kwa umeme tulio nao, ni kompyuta ya aina gani inaweza kuamka?

Hilo ndilo swali la West Nile pia. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mitambo ya WENRECO na bwawa dogo la Nyagak. Vijana wa makazi yetu wamelijibu kwa mikono yao. Rhino Camp, kundi la Community Creativity for Development, CC4D, limejulikana kwa mikutano ya ukarabati, ambapo watu wanaleta redio, simu na taa za sola zilizokufa na kukaa na fundi mpaka waelewe ugonjwa wake. Kuamsha laptopu kwa flashi ni mtoto wa familia hiyohiyo ya ukarabati. Tofauti ni kwamba hapa huhitaji hata bisibisi.

Flashi inachukua nafasi ya CD

USB yenyewe ilitoka mwaka 1996. Flashi za kwanza zilianza kuuzwa mwaka 2000. Ile iliyouzwa na IBM ilikuwa na MB 8 tu, nafasi ya picha chache za simu za leo. Mwanzoni kompyuta nyingi hazikuitambua flashi kama kitu cha kuamkia. Taratibu watengenezaji wakaiongeza kwenye orodha ya bayosi, na kufikia mwisho wa muongo ule laptopu nyingi zilikuwa zinakubali. Hapo CD ikaanza kuzeeka. Flashi haikwaruziki na vumbi la Koboko, inaandikwa tena na tena, na laptopu mpya zikaanza kutoka bila hata tundu la CD.

Programu za kuiandaa flashi nazo zikaongezeka. Rufus ilitoka mwaka 2011. Ventoy, iliyotoka 2020, ilileta urahisi mwingine: unaiandaa flashi mara moja tu, halafu unanakili mafaili ya mifumo kama unavyonakili nyimbo, na ukiwasha laptopu inakuuliza unataka upi. Fundi mmoja akiwa na flashi ya GB 32 anatembea na mifumo kadhaa mfukoni.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, uko hivi. Pakua faili la mfumo kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, na uhakikishe namba yake ya ukaguzi inalingana na ile waliyoitangaza. Liandike kwenye flashi isiyo na kitu unachokipenda, maana kwa Rufus au Ventoy vya zamani vinafutwa. Nakili kazi zako za laptopu mahali pengine. Chomeka chaja, maana umeme ukikatika katikati ya kuweka mfumo na betri imekufa, unaanza upya. Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha orodha: Dell na ThinkPad nyingi ni F12, HP nyingi ni Esc kisha F9. Chagua flashi. Kwanza ujaribu bila kuweka: je, Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kibodi yote inaandika? Ukiridhika ndipo uweke.

Uchague mfumo kwa ukubwa wa memori. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inabeba Linux Mint Xfce au Lubuntu vizuri. Yenye GB 2 au pungufu, jaribu antiX au Puppy Linux, ambayo tangu 2003 imetengenezwa kwa ajili ya mashine dhaifu. Na kama saa ya laptopu inarudi nyuma miaka mingi kila ukiizima, betri ndogo ya duara ndani yake imekwisha. Ibadilishe, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu mashine inadhani iko zamani.

Tuseme ukweli pia kuhusu yasiyowezekana. Microsoft Office ya kompyuta haiwekwi humo kama kwenye Windows. Utatumia LibreOffice, na mpangilio wa nyaraka unaweza kusogea kidogo. Fomu za KoboToolbox unazifungua kwenye kivinjari bila shida. Programu fulani za uhasibu zinazotumiwa na ofisi zinataka Windows tu. Anayezihitaji abaki na Windows, au aweke mifumo yote miwili kwenye diski moja.

Kufuli mpya

Miaka ya karibuni mlango umewekewa kufuli. Bayosi ya zamani ilibadilishwa taratibu na mfumo mpya unaoitwa UEFI, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 laptopu nyingi zikaja na Secure Boot. Kazi yake ni kukagua sahihi ya kile kinachotaka kuamsha mashine. Kisicho na sahihi inayotambulika kinarudishwa. Kwa upande mmoja ni dawa ya ugonjwa ulioanza na Brain. Kwa upande mwingine, sahihi inayotambulika kwenye laptopu nyingi ni ya Microsoft. Watu wa Linux walilazimika kutengeneza programu ndogo iliyotiwa sahihi hiyo ili iwapokee, na ndiyo sababu Ubuntu, Debian na nyinginezo zinapita bila kuzima kufuli. Mifumo midogo mingine haina sahihi hiyo, na hapo mwenye laptopu anaingia kwenye mipangilio na kuizima mwenyewe.

Kufuli ya pili ni ya umri. Laptopu za kizamani kabisa zina prosesa ya biti 32. Ubuntu iliacha kutoa faili la kompyuta za mezani za aina hiyo mwaka 2017. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye kompyuta hizo. Kwa hiyo hata marafiki wa mashine kuukuu wana mahali wanapochoka. Kabla hujanunua laptopu pale mjini, uliza kama ni ya biti 64.

Kufuli ya tatu inawekwa na binadamu, nayo ndiyo inayotuuma zaidi. Wakati mmoja kikundi chetu kilipewa laptopu kutoka ofisi moja, hatuitaji. Zilikuwa nzima, chaja zake zipo. Tulipochomeka flashi, zikadai neno la siri la bayosi. Ofisa wa kompyuta aliyeliweka alikuwa ameshamaliza mkataba na kuondoka, na hakuna aliyeliandika mahali. Kwenye laptopu nyingi za kikazi neno hilo halifutiki kwa kuchomoa betri. Zile mashine zilikaa kwenye sanduku wakati vijana wanapanga foleni kutumia moja.

Tunachoomba, na tunachopaswa kuangalia

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, tuna maombi mawili. La kwanza: mnapotoa laptopu, toeni pamoja na neno la siri la bayosi, au liondoeni kabla. Laptopu isiyo na ufunguo wake ni mzigo wa bati. Na kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba vifaa vimepitwa na wakati kwa sababu ya Windows 10, mwiteni kijana mwenye flashi avijaribu.

Ombi la pili linahusu usalama wetu sote. Flashi inayoamsha laptopu inaweza pia kusoma diski yake bila kujua neno la siri la Windows, kama diski haijafungwa kwa usimbaji. Laptopu za ofisi zenu zimebeba majina yetu, namba za simu, idadi ya watoto, sababu zilizotufanya tukimbie. Kuna watu ambao jina lao likifika mahali pasipofaa ng'ambo ya mpaka, familia iliyobaki inaumia. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, yanaweza kurudishwa. Fungeni diski kwa usimbaji tangu siku ya kwanza laptopu inapoanza kazi. Kabla ya kuitoa, ifutwe yote kwa programu ya kufutia, au diski itolewe na kuharibiwa.

Kwetu vijana, mambo ni yaleyale kwa upande wetu. Ukiweka mfumo mpya, utaulizwa kama unataka kufunga diski kwa usimbaji. Kubali, na neno la siri uliandike mahali salama, maana ukilisahau hakuna fundi wa kukusaidia. Ukiletewa laptopu ya mtu na ukaona vitu vyake vya siri, vifumbie macho. Fundi wa kubuti anaingia nyumbani kwa watu, anatakiwa kuwa na adabu ya mgeni.

Utaratibu ule wa kumuuliza mgeni kwanza haukuwekwa kwa ajili ya wakimbizi. Wahandisi wa 1981 hawakuwa wanafikiria Lobule. Lakini umetufaa, na utaendelea kutufaa kama sisi wenyewe tutaendelea kuujua na kuufundisha. Kwa hiyo kila kikundi, Arua, Koboko na kwenye makazi yote, kiwe na flashi moja ya pamoja yenye mfumo mkubwa na mdogo, na watu wasiopungua watatu wanaojua kuitumia, dada wakiwemo. Mmoja akihama, au akipata safari ya kwenda nchi nyingine, ujuzi usiondoke naye.

Mwenye laptopu inayosumbua aandike hapa chini aina yake, RAM yake, na kinachotokea akiiwasha. Tutajibu kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kikakwa au Kilugbara, kadiri tutakavyoweza.